RAM imepandishwa mpaka 3800 na video zinaharibika: jibu kwa dada mhariri wa Moshi

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Moshi, anahariri video za harusi, sendofu na kipaimara. Nalifupisha: "Kaka fundi, habari za Arusha. Nna kompyuta ya mezani Ryzen 5 5600G, RAM 16 yaani nane nane mbili, DDR4, kwenye boksi imeandikwa 3200 CL16. Tangu nimeinunua Task Manager ilikuwa inasoma spidi ya RAM 2133. Nikamwita chalii mmoja wa mtaani akaingia BIOS (setingi za mazabodi kabla Windows haijawaka) akapandisha mpaka 3800 na akabana taimingi (namba za muda ambao RAM inasubiri), akanionyesha benchimaki (programu ya kupima mwendo) imepanda, nikafurahi nikamlipa. Sasa wiki ya tatu hii, kurenda (kutoa video iliyokamilika) kunakata katikati mara mojamoja, skrini ya bluu nimeiona mara mbili, na zip niliyomtumia mteja imegoma kufunguka inasema CRC (yaani namba ya kukagua faili haikulingana). Chalii anasema tatizo ni Windows, nipige upya. Desemba inakuja watu wanarudi nyumbani na kazi zimejaa. Nirudishe ilivyokuwa? Na nitajuaje kama hiyo spidi inanisaidia kweli au ni namba tu?"

Dada salama kabisa, huku tunaendelea vizuri. Nianze na la haraka: ndiyo, rudisha, na urudishe leo leo hata kabla hujamaliza kusoma haya maelezo. Zima kompyuta, iwashe huku unagonga Delete (mazabodi nyingi ni Delete, nyingine F2), tafuta sehemu ya kurudisha setingi za kiwandani, sevu, toka. Itawaka kwenye 2133 kama zamani, itakuwa taratibu kidogo, vumilia siku mbili tatu. Windows usiipige upya kwanza. Ukipiga Windows wakati RAM inakosea, kila faili linapita kwenye hiyo hiyo RAM ndo linaenda kwenye diski, kwa hiyo unaweza kumaliza siku nzima ukawa na Windows mpya ambayo imezaliwa na kasoro, afu utaanza kutafuta ugonjwa mwingine ambao haupo.

La pili, na hili naliomba kwa kusisitiza: usifute kadi yoyote ya kamera kwa kazi ulizopiga ndani ya hizo wiki tatu. Hata moja. Skrini ya bluu inatisha watu lakini mimi haikunitisha, kilichonitisha kwenye maelezo yako ni ile zip. Kwa hali yako, skrini ya bluu naisoma kwamba RAM ilikosea mahali ambapo Windows imegundua ikasimama. CRC naisoma kwamba RAM imekosea mahali ambapo hakuna aliyegundua mpaka mteja alipofungua. RAM za kawaida za DDR4 tunazofunga kwenye mashine za nyumbani hazina kinga ya kukagua makosa, biti ikigeuka kutoka sifuri kuwa moja inabaki hivyo hivyo na inaandikwa kwenye diski kama ilivyo, na faili linabaki na jina lake na ukubwa wake vilevile. Video ya maharusi inaweza kuwa na sekunde tatu za rangi za ajabu katikati ya kiapo na usijue mpaka siku familia imekaa sebuleni inaangalia.

Kwa hiyo ukisharudi 2133, kagua ulichokopi. Windows ina kifaa chake cha kazi hii, huhitaji kudownlodi kitu. Fungua lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt), andika certutil -hashfile kisha mahali lilipo faili, kisha SHA256. Itakupa mstari mrefu wa herufi na namba, huo ndo kama alama ya kidole ya faili. Fanya kwa faili lililoko kwenye kadi, fanya kwa lile ulilokopi kwenye diski, linganisha. Zikifanana herufi kwa herufi faili ni zima, zisipofanana kopi upya kutoka kwenye kadi. Ni kazi ya kuchosha ukiwa na klipu mia mbili, najua, ila unaweza kuanza na zile za harusi ambazo bado hujazikabidhi. Zile ambazo kadi ulishafuta, zicheze mwanzo mpaka mwisho kwa macho, hakuna njia ya mkato hapo.

Na huo ujanja wa certutil una matumizi mengine mazuri sana: chukua faili moja la gigabaiti mbili tatu, lipige alama mara kumi mfululizo. Faili ni lile lile, jibu lazima liwe lile lile mara zote kumi. Windows baada ya mara ya kwanza hulishika faili kwenye RAM, kwa hiyo mara zinazofuata unakuwa unaisoma RAM zaidi kuliko diski. Likija jibu tofauti hata mara moja, usibishane na mtu tena.

Sasa tuje kwenye spidi yenyewe, maana naona hata chalii hakukueleza alichofanya na simlaumu sana, wengi tulianza hivyo hivyo tukifukuzia namba.

Wewe ni wa Moshi kwa hiyo mfano wa mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, utakukaa vizuri. Mfongo una mambo mawili tofauti, upana wake, yaani maji kiasi gani yanapita, na muda unaosubiri tangu mtu afungue kule juu mpaka maji yafike kwenye migomba yako. Mfongo unaweza kuwa mpana na ukasubiri sana, au mwembamba lakini maji yanafika mara moja. RAM ni hivyo hivyo. Ile 3200 ni upana: inabeba mara milioni 3200 kwa sekunde, kila mara baiti 8, ukizidisha unapata gigabaiti 25.6 kwa sekunde kwa chaneli moja. Wewe una mbili, zikikaa kila moja kwenye chaneli yake ni 51.2. Kwenye 2133 ulikuwa na 34.1 tu. Hiyo ni tofauti ya nusu nzima, yaani ulinunua mfongo mpana afu ukawa unautumia umezibwa. Ukifungua CPU-Z (programu ya bure inayoonyesha vipimo vya mashine) usishtuke ukiona inasoma 1600 wakati umeweka 3200, saa ya RAM inapiga mara milioni 1600 kwa sekunde na kila pigo inabeba mara mbili, ndo maana ya zile herufi mbili za DDR.

CL sasa ndo muda wa kusubiri, ila watu wengi wanaisoma vibaya. CL16 ni mapigo 16 ya saa, na urefu wa pigo unabadilika kwa spidi, kwa hiyo huwezi kulinganisha CL ya spidi moja na CL ya spidi nyingine kwa macho tu. Hesabu yake nyepesi: chukua CL zidisha kwa 2000 gawanya kwa spidi, unapata nanosekunde. 3200 CL16 ni 10 kamili. 3600 CL18 ni 10 vilevile, japo namba 18 inaonekana mbaya zaidi. 3200 CL22, ambazo madukani zipo nyingi na zinauzwa bei ya chini, ni 13.75, karibu sawa kabisa na 2133 CL15 ambayo ni 14 na kidogo. Ndo maana nikienda kununua RAM huwa nasoma namba zote mbili, muuzaji akiniambia tu "hii ni 3200 kaka" bado hajaniambia nusu ya habari.

Kwanini kwako ilikuwa inasoma 2133 wakati boksi linasema 3200? Haukuibiwa. Kwenye kila RAM kuna kichipu kidogo chenye orodha ya setingi, juu ya orodha kuna zile salama ambazo mashine yoyote itawaka nazo, na pembeni kuna profaili ya spidi uliyolipia, Intel waliiita XMP na mazabodi za AMD nazo zinaisoma, nyingine zinaandika DOCP. Mazabodi inaanza na ile salama mpaka wewe uiambie vingine. Kuwasha XMP ni kubonyeza sehemu moja tu, inaweka 3200, inaweka taimingi zake na inapandisha umeme wa RAM kutoka volti 1.2 mpaka 1.35, vyote kwa pamoja kama mtengenezaji alivyopima. Mimi naona watu kibao huku Arusha wameishi miaka na 2133 bila kujua, na wakati mwingine ni fundi aliyewaunganishia ndo hakuingia BIOS kabisa. Hilo linaniuma kidogo kwa kweli, mteja amelipa hela yake.

Kwa mashine yako hii kitu ina uzito zaidi kuliko kwa mtu mwingine. 5600G grafiki zake ziko ndani ya prosesa na hazina memori yake, zinachota kwenye RAM ile ile inayotumiwa na prosesa. Mtu mwenye kadi ya grafiki ya pembeni, kadi inakuja na memori yake, RAM ikiwa taratibu haoni sana. Wewe wawili wanakunywa mfongo mmoja. Kwa hiyo kutoka 2133 kwenda 3200 utaiona kwenye timelaini ikicheza, utaiona kwenye rangi na efekti zinazotumia grafiki. Kutoka 3200 kwenda 3800 ni habari nyingine, hapo upana unaongezeka chini ya moja ya tano lakini unakuwa umetoka nje ya kile mtu yeyote amekuhakikishia.

3800 iligusa vitu viwili kwa mpigo, ndo maana ugonjwa wake unachanganya. Kwanza stiki zako zimepimwa 3200, hakuna aliyeahidi zaidi. Pili kuna barabara ya ndani ya prosesa, AMD wanaiita Infinity Fabric, nayo inaenda sambamba na saa ya RAM: RAM 3200 barabara 1600, RAM 3600 barabara 1800, RAM 3800 barabara 1900. Prosesa nyingi za kizazi chako zinafika 1800 bila kelele, 1900 nyingine zinakubali nyingine zinagoma, ni bahati ya kichipu. Kwa hiyo kosa linaweza kuwa la RAM au la barabara. Kuna namna ya kukisia: fungua Event Viewer ya Windows, kwenye System, tafuta WHEA-Logger namba 19. Zikiwa nyingi kwenye zile wiki tatu basi barabara ilikuwa inalalamika. Kama hakuna hata moja lakini CRC zinatokea, nashuku stiki na zile taimingi zilizobanwa. Kwa vyovyote vile dawa ya leo ni ile ile, ila ukija kutaka kupandisha tena siku moja utajua ukuta uko wapi.

Haya, swali lako la pili ndo ninalolipenda zaidi, utajuaje kama inasaidia kweli. Benchimaki aliyokuonyesha chalii ilikuwa ya kweli, sidhani kama alikudanganya, ila benchimaki nyingi zinapima tu mwendo, hazikagui kama majibu ni sahihi. RAM inaweza kukimbia na kukosea kwa wakati mmoja na benchimaki ikakupa namba nzuri. Kwa hiyo ni vipimo viwili tofauti, mwendo na usahihi, na cha pili ndo kinaamua kama cha kwanza kina maana.

Anza sasa hivi ukiwa bado kwenye 2133, usiwashe XMP kwanza, maana bila namba za mwanzo hutakuwa na cha kulinganisha. Tumia vitu vitatu. Cha kwanza 7-Zip, ni ya bure na ndogo kabisa, ndani yake ina benchimaki kwenye menyu ya Tools. Inakupa mistari miwili, kukandamiza na kufungua. Kukandamiza kunategemea sana muda wa kusubiri wa RAM, kufungua kunategemea prosesa zaidi. Hapo ndo uzuri wake ulipo! Ukibadilisha RAM, mstari wa kukandamiza unatakiwa upande kuliko wa kufungua. Ikipanda yote miwili kwa kiasi kile kile, kuna kitu kingine kimebadilika, labda mara ya kwanza Windows ilikuwa inaapdeti nyuma nyuma, au chumba kilikuwa na joto prosesa ikapunguza mwendo. Cha pili ni Cinebench, benchimaki ya prosesa, na hii naitaka kwa sababu ya ajabu kidogo, kwa sababu RAM inaigusa kidogo sana. Ni kama shahidi. Ikibaki pale pale wakati vingine vinapanda, najua mabadiliko yametoka kwenye RAM kweli.

Cha tatu ndo chenye thamani kwako: projekti yako mwenyewe. Chukua dakika kumi za harusi moja, zenye rangi na efekti unazotumiaga siku zote, irende kwa setingi zile zile kwenda diski ile ile, andika muda. Benchimaki haikulipi dada, mteja ndo anakulipa, na mteja anaisubiri hiyo renda.

Namna ya kupima sasa, hapa ndo watu wengi wanaharibu. Ristati kompyuta, iache dakika tano itulie, chomoa intaneti, funga WhatsApp na brauza na kila kitu. Piga mara tano. Ya kwanza itupe, mara nyingi inakuwa tofauti kwa sababu mafaili ndo yanasomwa mara ya kwanza. Zilizobaki nne andika zote, usiandike ile nzuri tu, na uangalie zinatofautiana kiasi gani zenyewe kwa zenyewe kabla hujagusa chochote. Tuseme kurenda kumekupa dakika 10 na sekunde 4, 9 na 58, 10 na 2, 10 na 1. Hapo mashine yako inacheza ndani ya sekunde sita bila mtu kuigusa. Kwa hiyo ukibadilisha taimingi ukapata 9 na 59 hujapata kitu, bado uko ndani ya mchezo wa kawaida, hata kama roho inatamani kuamini. Ukipata 9 na 20 mara nne zote, hapo tunaongea. Na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, chalii alibadilisha spidi, CL, taimingi ndogondogo na umeme kwa pamoja, sasa hata yeye hawezi kujua kipi kilileta faida na kipi kilileta CRC.

Kabla ya kuwasha XMP fungua kesi uangalie stiki zimekaa wapi. Kama mazabodi yako ina sloti nne, kwa mazabodi nyingi zinatakiwa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Zikiwa zimebanana kwenye ya kwanza na ya pili unaweza kuwa unatumia chaneli moja tu, hapo umepoteza nusu ya upana na hakuna XMP itakayoufidia. CPU-Z inaonyesha kama chaneli ni mbili. Ukiwa hapo puliza vumbi, na ukizirudisha stiki sukuma mpaka usikie zimeshika.

Washa XMP. Mashine inaweza kuwaka ikazima ikawaka tena mara mbili tatu na skrini nyeusi, usiogope na usichomoe, inajifundisha taimingi mpya. Kama una UPS chomeka kwenye UPS, maana umeme ukikatika katikati ya hapo unaweza ukadhani umeua mashine. Ikigoma kabisa kuwaka hata ukisubiri dakika kadhaa, zima, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya duara kwenye mazabodi dakika tano, rudisha, itasahau yote na kuwaka na setingi za kiwandani. Hujaharibu kitu.

Afu kabla hujafungua projekti ya mteja, kipimo cha usahihi. Tengeneza flashi ya Memtest86+, ni ya bure, toleo la 6 kuendelea linawaka vizuri kwenye mashine za kisasa. Liache usiku kucha. Kosa moja tu ni kufeli, hakuna "limekosea kidogo". Likipita, kesho yake fanya kipimo cha ndani ya Windows, TestMem5 au OCCT, saa kadhaa, kwa sababu Memtest peke yake haiwashi grafiki na haipandishi joto kama kazi zako. Mwisho renda projekti nzito mchana ukiwa umefunga kesi, ukimaliza piga ile certutil mara kumi.

Nasema mchana kwa sababu. Miaka michache nyuma nilimfungia jamaa mashine hapa Arusha mwezi wa saba, baridi ile ya usiku mnaijua, nikambania RAM taimingi, nikaipima usiku mmoja ikapita bila kosa hata moja. Jamaa akahamia Moshi. Mwezi wa pili akanipigia mashine inazimika mchana tu, usiku iko poa. Nilihangaika na pawa saplai, nikahangaika na Windows, kumbe ni mimi na ile namba inaitwa tRFC niliyoipunguza kupita kiasi. Nililala vibaya siku hiyo maana alikuwa ameshapoteza kazi za watu.

Maelezo yake ni haya. Ndani ya RAM kila sifuri na moja ni chaji ndogo kwenye kapasita, na hiyo chaji inavuja kama ndoo yenye tundu. Kwa hiyo DDR4 inapita kuzijazia ndoo zote upya kila milisekunde 64, na ikizidi nyuzi 85 inatakiwa kupita mara mbili zaidi. tRFC ni muda inaopewa kufanya hiyo kazi kila inapopita. Ukiupunguza, RAM inarudi kazini haraka na benchimaki inapanda, lakini ndoo nyingine zinakuwa hazijajaa vizuri. Kwenye baridi chaji inavuja taratibu kwa hiyo hata ndoo isiyojaa inafika. Kwenye joto inavuja haraka, haifiki. Mashine iliyopita mtihani Arusha mwezi wa saba haijapita mtihani wa Moshi mwezi wa pili, na tangu siku ile kila mteja wa huko chini nampimia mchana au naiwekea mashine kava nusu saa kabla joto lipande. Kwa hiyo kama chalii aligusa tRFC, na kwa hizo dalili zako sishangai kama aligusa, hiyo ndo ya kwanza kuachana nayo.

XMP ikipita vyote hivyo, baki hapo mpaka Januari. Nakwambia hivi kwa moyo wote, usiguse kitu tena mpaka msimu uishe. Kuna jambo la muhimu kuliko hizo 3600 na 3800: ukiwa unarenda angalia Task Manager RAM imetumika kiasi gani. Una 16 na grafiki za ndani zinakata kipande chake humo humo, kwa hiyo Windows haipati zote. Ikiwa inagonga juu kabisa, mashine inaanza kutumia diski kama RAM, na hapo hakuna taimingi yoyote duniani itakayokuokoa, hata SSD nzuri iko mbali sana na RAM. Hela ukiipata nunua seti moja ya 16 mbili, 3200 CL16, zilizotoka kwenye boksi moja. Usiongeze nane mbili nyingine juu ya hizi, stiki nne ni mzigo mkubwa zaidi kwa prosesa na mara nyingi ndo zinakulazimisha kushuka spidi, na stiki za maboksi tofauti hata kama zimeandikwa sawa ndani zinaweza kuwa na chipu tofauti.

Januari ukiwa na nafasi na bado una hamu, jaribu 3600 na CL18, umeme usizidi 1.40, taimingi ndogo ziache mazabodi ipange yenyewe, na urudie vipimo vyote kuanzia mwanzo, vya mwendo na vya usahihi. Kama projekti yako haipungui muda zaidi ya ule mchezo wa kawaida wa sekunde sita, rudi 3200 ulale usingizi.

Kuhusu Windows, ukishakuwa na RAM inayoaminika fungua dirisha jeusi kama admini, piga kwanza DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, hii itataka intaneti, kisha sfc /scannow. Ikitengeneza ikaisha endelea nayo. Ikishindwa, hapo sasa ndo upige upya, na huyo chalii mwite tu akusaidie, ila mwonyeshe na hii ya tRFC.

Niandikie ukipata namba: nne za 2133, nne za 3200, za 7-Zip mistari yote miwili, Cinebench na muda wa kurenda, pamoja na ulichokiona kwenye Event Viewer. Na ile zip ya mteja, itengeneze upya kutoka kwenye mafaili uliyoyakagua, usimtumie ile ya zamani tena.